Kiwanja cha Babu, Ghorofa la Nani?

Mitaa ya ndani ya Kariakoo bado ina nyumba za zamani zilizobanwa katikati ya majengo marefu. Bati limeshika kutu, baraza limekodishwa kwa muuza mabegi, na ukuta wa jirani umezuia jua lisifike uani. Mpita njia huona gofu. Dalali huona kiwanja, wala hahangaiki kuchungulia ndani.

Ndani ramani ni ileile iliyozoeleka mjini Dar es Salaam kwa vizazi: ukumbi mrefu kutoka mlango wa mbele hadi uani, vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto, na huko uani jiko, choo na stoo. Mitaa iliyonyooka ilichorwa na Wajerumani kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia. Nyumba zilijengwa na wenyeji wenyewe, kwanza kwa miti na udongo, baadaye kwa matofali ya saruji. Mwenye nyumba alibaki na chumba kimoja au viwili, vilivyobaki akapangisha kimoja kimoja. Kwa mjane asiye na pensheni, kodi ya vyumba hivyo ndiyo iliyokuwa mshahara.

Mambo yalianza kugeuka mwaka 1984, serikali ilipolegeza masharti ya kuagiza bidhaa kutoka nje. Vyumba vya mbele vikatobolewa milango ya barabarani, vikawa fremu za maduka. Wanunuzi wakaja kutoka mikoani, kisha kutoka Zambia, Malawi, Komoro na Kongo. Mabasi yaendayo haraka yalipoanza kazi Mei 2016, tawi moja likaishia Gerezani, hatua chache kutoka sokoni. Kufikia hapo nyumba yenyewe ilikuwa imekwisha thamani. Kilichobaki na bei ni ardhi iliyo chini yake.

Familia nyingi zina ardhi hiyo bila fedha za kuijengea. Njia iliyoshika kasi ni ubia: familia inatoa kiwanja, mwekezaji anatoa fedha, jengo likikamilika wanagawana. Wanandugu wakikaa kikao, swali la kwanza huwa ni sakafu ngapi. Ni swali la haki, lakini lingefaa kuwa la pili. La kwanza ni sakafu zipi.

Kariakoo fedha iko chini. Fremu inayotazama barabara hupata mteja anayepita tu. Ya ghorofa ya pili humngoja mteja anayejua anachokitafuta. Huko juu zaidi ni stoo za mizigo na vyumba vya kuishi, na siku lifti inapogoma hata mpagazi hupandisha bei. Familia iliyopewa sakafu tatu za juu inaweza kupata kodi ndogo kuliko ile iliyopewa nusu ya sakafu ya chini. Familia isiyoambulia hata fremu moja ya chini imeuza kiwanja kwa hasara, hata kama karatasi inasema ni ubia.

Ipo namna nyingine: mwekezaji anajenga, anakusanya kodi yote kwa miaka waliyokubaliana, kisha anakabidhi jengo zima. Inavutia, kwa kuwa mwishoni hakuna kugawana. Tatizo huja siku ya makabidhiano, lifti imechoka, pampu haivuti, na mabomba yanavuja kwenye dari za fremu. Mkataba usiotaja nani anafanya matengenezo, na jengo likabidhiwe katika hali gani, huiachia familia mzigo wa ukarabati.

Kisha kuna hati. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, Rais akiwa mdhamini. Mwananchi hupewa haki ya kuimiliki kwa muda usiozidi miaka 99. Hati nyingi ni za muda mfupi kuliko huo, kwa hiyo kabla ya kuzungumzia nguzo na nondo, inafaa kuhesabu miaka iliyobaki. Hatari kubwa zaidi ni kumhamishia mwekezaji hati tangu mwanzo ili akaombee mkopo. Akikwama katikati, benki haitamfuata nyumbani kwake. Itakuja kwenye kiwanja. Sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ya mwaka 2008 inaruhusu kila sehemu ya jengo kuwa na hati yake, huku ngazi, paa na korido vikibaki mali ya wote. Bila hati hiyo, anayejiita mmiliki wa ghorofa ya tatu ana mkataba tu mkononi.

Hata hivyo mipango mingi hukwama kabla mwanasheria hajaitwa, kwa sababu nyumba bado ina jina la marehemu. Asiye msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama hana mamlaka ya kutia saini, hata akiwa mtoto mkubwa anayelipa kodi ya ardhi kila mwaka. Tuseme mzee amefariki akaacha mke, wana wawili na binti mmoja, na mirathi inafuata sheria ya Kiislamu. Mke ana thumni, yaani asilimia 12.5. Kinachobaki hugawanywa mafungu matano: kila mwana mawili, sawa na asilimia 35 ya mali yote, binti moja, asilimia 17.5. Nyumba ya vyumba sita haigawanyiki hivyo. Fremu na sakafu zinagawanyika, na hapa ndipo ghorofa linapoweza kumaliza ugomvi wa miaka, mradi mafungu yaandikwe kabla jengo halijaanza kuingiza fedha. Mzee akiwa hai, asisahau kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu kuuza wala kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mkewe.

Ujenzi wenyewe si wa kuachiwa mwekezaji peke yake. Machi 29, 2013, jengo lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya jiji, lilianguka na kuua watu 36. Novemba 16, 2024, jengo la ghorofa lililokuwa na maduka liliporomoka Kariakoo asubuhi ya Jumamosi, zaidi ya watu 25 wakafariki, na Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akaunda timu ya kukagua majengo ya eneo hilo. Tamaa ya fremu za chini ina ubaya wake: ikishaisha nafasi juu ya ardhi, mtu hufikiria kuchimba chini ya jengo linalotumika. Mkataba mzuri wa ubia unakataza kuongeza sakafu au kuchimba bila kibali kipya, na unaipa familia haki ya kuleta mhandisi wake.

Wapangaji wa vyumba ndio wasiotajwa kabisa. Magomeni Kota, ambako ardhi ni ya serikali, kaya 644 zilizohamishwa ziliahidiwa kurudi, na Machi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua nyumba 644 kwa ajili yao. Kwa kiwanja cha mtu binafsi hakuna ahadi kama hiyo. Aliyelala chumba cha uani miaka mingi hupewa notisi, akatafuta chumba Mbagala au Chanika. Mwenye fremu ana nafuu kidogo, kwani anaweza kuomba apewe kipaumbele jengo likikamilika, bila kudaiwa upya kilemba, yaani fedha ya kuingilia fremu. Familia haipotezi kitu kikubwa kwa kukubali. Inapata mpangaji ambaye tayari ana wateja mtaani, tangu mwezi wa kwanza.