Mtu mzima na maji



Sisi wa Tukuyu tumezungukwa na maji. Mto Kiwira unapita chini ya Daraja la Mungu, Ziwa Ngosi limelala ndani ya shimo la volkano, na ukiteremka Kyela hadi Matema unalikuta Ziwa Nyasa. Hata hivyo, wengi wetu hatujui kuogelea. Mito ya huku ni ya baridi na ina kasi, hivyo mtoto hukatazwa kuisogelea, naye huzeeka na woga wake.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Katika jambo hili wasitutishe. Mtu mzima hujifunza, ila ana maadui wawili: pumzi na kichwa.

Kwanza pumzi. Anayeanza huibana kifuani. Akiinua uso hutaka kutoa hewa na kuvuta nyingine kwa wakati mmoja, na hapo ndipo anapomeza maji. Dawa yake ni kutoa hewa polepole uso ukiwa majini, mapovu yatoke. Ukigeuza uso pembeni, kazi inayobaki ni kuvuta tu.

Pili kichwa. Mwili majini ni kama mizani: kichwa kikipanda, miguu hushuka, na mtu huchoka kwa kuikokota. Tazama chini, legeza shingo, na kiuno kitapanda. Tena Ziwa Nyasa halina chumvi, kwa hiyo haliubebi mwili kama bahari ya Dar es Salaam. Aliyejifunza pwani asishangae miguu ikizama zaidi.

Jifunze pale maji yanapoishia kiunoni, ziwa likiwa limetulia, pamoja na mwenzako anayejua kuogelea. Waulize wenyeji kwanza kuhusu mamba na kichocho, na ukae mbali na mahali mito inapoingia ziwani. Kiwira na Ngosi si mahali pa kujifunzia.

Haya si mambo ya starehe. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka katika Ziwa Victoria, karibu kabisa na gati la Ukara. Watu zaidi ya 220 walikufa, nchi kavu ikionekana. Kuogelea peke yake kusingewaokoa wote. Lakini anayeweza kuelea na kupumua kwa utulivu, hata kwa dakika chache, humpa mwokoaji nafasi ya kumfikia.

Watoto wakikucheka ufukweni, waache wacheke. Aibu ya kujifunza ni ya siku chache.

Kwaherini hadi juma lijalo.