Pasi ya Mkaa na Jinsi ya Kuirudishia Kazi Yake

Katika nyumba nyingi za wazee hupatikana pasi ya zamani ya mkaa, imewekwa darini au chini ya kitanda, nayo imeshikwa na kutu hata kifuniko hakifunguki. Wenyewe huona haya kuitupa, maana ilikuwa ya mama au ya bibi. Na kuitumia hawawezi. Mwisho huuzwa kwa uzito pamoja na vyuma vikuukuu. Twapenda kueleza hapa jinsi inavyoweza kutengenezwa, na pamoja na hayo kuyataja maneno yake, kwa kuwa watoto wetu shuleni wameanza kuyasahau.

Twasema kupiga pasi, wala hapana kinachopigwa. Kupiga hapa ni kutumia chombo, kama vile kupiga mswaki, kupiga deki, kupiga randa. Nguo yenyewe hunyoshwa. Mahali pa kushikia ni mkono wa pasi, si mpini, kwani mpini ni wa jembe, wa shoka na wa kisu. Kifuniko hufunguka kwa bawaba iliyo nyuma, na mbele hufungwa kwa kishikizo, ambacho mara nyingi kimefanyizwa kwa umbo la jogoo. Ubavuni mna matundu ya kupitisha hewa. Uso wa chini twauita wayo.

Kunyosha nguo kwa makaa ni jambo la kale sana. Katika jumba la makumbusho la Boston, Marekani, iko picha ya Kichina ya mwanzo wa karne ya 12, na ndani yake wanawake wananyosha kitambaa cha hariri kwa chombo mfano wa kikaango kilichojaa makaa. Pasi ya umeme ilikuja baadaye mno. Henry Seely wa New York alipewa hati ya uvumbuzi wake mwaka 1882.

Sasa tuje kwenye kazi. Yapasa kwanza kujua ya kuwa pasi nyingi hizi ni za chuma cha kusubu, nacho ni kigumu lakini hupasuka kama chungu. Pasi ya kwanza tuliyoishika tuliiharibu kwa haraka yetu wenyewe. Ilikuwa ya mama yetu. Tuliiweka juu ya jiko ili ikauke, kisha tukaona doa la masizi, tukaimwagia maji baridi ingali moto. Ililia mlio mmoja tu, na ufa ukatokea tangu ukingo hata katikati ya wayo. Hakuna dawa ya ufa huo. Kwa hiyo nyundo isitumiwe kufungulia bawaba, wala maji yasikutane na pasi iliyo moto.

Bawaba iliyokwama hutiwa mafuta ya taa kidogo kidogo, ikaachwa usiku kucha, kisha ikachezwa kwa mkono, mbele na nyuma, mpaka ikubali. Ikiwa mkono wa mti waweza kufunguliwa, ufunguliwe na kuwekwa mbali na maji. Kutu ya juu huondolewa kwa brashi ya waya. Iliyoingia ndani huloweshwa katika siki, na hapo sharti mtu atazame mara kwa mara, maana siki ikiisha kula kutu huanza kula chuma. Usiku mmoja watosha, na pengine saa chache. Kisha ioshwe kwa maji yenye magadi, ipanguswe, na kukaushwa papo hapo karibu na moto mdogo. Ikiachwa na unyevu, kutu mpya hutokea kabla hujanawa mikono.

Wayo husuguliwa kwa karatasi ya msasa iliyo laini, kwa kwenda upande mmoja, nayo karatasi iwekwe juu ya kioo au ubao ulionyoka. (Msasa ni mti wenye majani ya kukwaruza, ambayo mafundi seremala walisugulia mbao, karatasi ya dukani imerithi jina lake.) Jogoo akiwa wa shaba husafishwa kwa limau na majivu. Mkono wa mti hupakwa mafuta ya mbegu za kitani. Mwisho, pasi ipate moto kidogo, wayo upakwe nta ya nyuki na kufutwa kwa kitambaa.

Wako wapendao kung'arisha kila mahali hata pasi ionekane imetoka dukani jana. Sisi hatuoni vema. Weusi wa miaka mingi ubavuni hauzuii kazi, nao huhifadhi chuma. Ukiisha kuondolewa haurudi. Tena, pasi iliyopakwa rangi ya zamani isikwanguliwe kavu, kwani yawezekana rangi ina risasi, na vumbi lake ni sumu.

Kabla ya kutia moto, hakikisha mafuta ya taa yamekwisha kabisa na matundu yote yamezibuliwa. Makaa yawashwe nje, na kazi ifanywe penye upepo. Hewa ya makaa haina harufu wala rangi, walakini katika chumba kilichofungwa huua mtu bila yeye kujua. Jambo hili tusichoke kuwaambia wanafunzi wa bweni.

Wengine huuliza, kwa nini kusumbuka na moto kwa nguo za kila siku? Yuko nzi atagaye mayai katika nguo mbichi zilizoanikwa, hasa penye kivuli, na funza wake huingia katika ngozi ya mvaaji na kufanya jipu. Moto wa pasi huua mayai na funza pia. Kwa hiyo nepi za mtoto zipigwe pasi pande zote mbili, na kwenye mishono zaidi, maana huko ndiko unyevu hukawia.

Pasi iliyotengenezwa isianzie kwenye kanzu ya kanisani. Ipitishwe kwanza juu ya kitambaa cheupe kikuukuu, mara tatu au nne, mpaka isiache alama ya masizi wala ya nta.