Neno Halina Mwenyewe Mmoja

Kwetu pwani mtu huonywa tangu utotoni kwamba neno ukishalitoa si lako tena. Ni la aliyelisikia. Huko Urusi alikuwako mtu aliyelichukua jambo kama hilo akalifanyia kazi umri wake wote, na leo wasomi wa fasihi, wa lugha na wa desturi za watu hulitaja jina lake kutoka Paris hadi Nairobi. Mtu huyo ni Mikhail Bakhtin. Katika makala haya nataka nimtoe vyuoni nimpeleke Kericho na Bomet, nchi ya chai, kwani naona huko uko ushahidi wa fikira zake ulio wazi kuliko vitabu vingi vilivyoandikwa kumweleza.

Bakhtin alizaliwa mwaka 1895 katika mji wa Oryol. Mwaka 1929 alitoa kitabu chake juu ya mwandishi Dostoevsky, na mwaka huo huo akahukumiwa na serikali ya Kisovieti kwa kushiriki katika vikundi vya watu waliozungumza mambo ya dini na falsafa. Apelekwe kambi ya kazi ngumu ndiyo iliyokuwa hukumu, lakini kwa ugonjwa wake wa mifupa akahamishiwa Kustanai, katika nchi ya Kazakhstan, akafanya kazi ya kuweka hesabu. Mwaka 1938 alikatwa mguu. Baadaye akafundisha Saransk, mji wa mbali ambako wakubwa wa elimu hawakumtazama sana. Tasnifu yake juu ya Rabelais, mwandishi Mfaransa wa karne ya 16, aliitetea mwaka 1946 na ikazua ubishi mkubwa. Haikuchapishwa kuwa kitabu ila mwaka 1965. Wasomi vijana wa Moscow waliokisoma kile kitabu chake cha zamani walistaajabu kusikia kuwa mwandishi wake angali hai. Alifariki mwaka 1975.

Ughaibuni alitangazwa kwanza na Julia Kristeva, mwanamke wa Bulgaria aliyekuwa akisoma Paris, mwaka 1967. Kutoka hapo fikira zake zikavuka mipaka ya fasihi. Wanaochunguza darasa la watoto, mahakama, magazeti, ngoma na mizaha ya watu wamezitumia. Hata bara letu limemjibu: Achille Mbembe, mwanafikra wa Cameroon, aliandika mwaka 1992 kupinga wazo lake kwamba kicheko na kejeli za mitaani ni silaha ya wanyonge peke yao. Mbembe alionyesha kuwa katika nchi zetu watawala nao wanapenda mizaha hiyo hiyo, na mara nyingi mnyonge na mkubwa hucheka pamoja. Mtu anayejibiwa hivyo ni mtu aliye hai, hata kama amezikwa.

MANENO YALIYOTUMIKA

Sasa, Bakhtin alisema nini? Kwa ufupi, alisema hakuna mja anayepata neno jipya dukani. Kila neno tulitumialo lilikwisha kupita vinywani mwa wengine, na limebaki na harufu ya shughuli zao. Anayelichukua hulikuta na nia za watu, naye hana budi kushindana nazo ili atie nia yake. Alisema aliyesalimika na jambo hilo ni Adamu peke yake, kwa kuwa yeye ndiye aliyezungumza mwanzo. Nilipolisoma hilo nilikumbuka chuo, pale tuliposomeshwa jinsi Mwenyezi Mungu alivyomfundisha Nabii Adamu majina ya vitu vyote. Sisi tuliokuja nyuma tumerithi majina yaliyotumika. Wanavyuoni wetu walilijua hilo ndiyo maana hawakupokea hadithi bila ya kuuliza ilipokewa na nani, kutoka kwa nani.

Chukua neno “chai” lenyewe. Limetoka China, likapita Uajemi na Uhindi, likafika kwetu na biashara ya bahari. Tangu miaka ya 1920 makampuni ya Kiingereza, Brooke Bond na James Finlay yakiwa mbele, yalipoanza kupanda mashamba makubwa Kericho, neno hilo likapata makao mapya. Siku moja nilikaa katika kibanda cha chai pembezoni mwa barabara ya Kericho kwenda Bomet. Mchumaji aliyekuwa kando yangu alisema chai ya wiki ile ni chache, mvua imepungua. Yeye alikusudia majani mabichi. Mwenye kibanda akauliza nani ataongezewa chai. Yeye alikusudia kikombe. Dereva wa matatu akalalamika kuwa askari wa barabarani hamwachi mtu bila ya chai. Wote tukacheka, wala hakuna aliyehitaji kufasiriwa. Neno moja, watu watatu, dunia tatu, na kila moja inaisikia nyingine. Hilo ndilo Bakhtin alilohangaika nalo.

Tazama tena “nyapara”. Zama za misafara mnyapara alikuwa kiongozi wa wapagazi, mtu wa heshima yake njiani. Katika mashamba ya walowezi akawa msimamizi wa vibarua, na heshima ile ikachanganyika na hofu. Na “kipande”, neno dogo lisilo na hatia, serikali ya kikoloni ililifanya kuwa cheti cha kazi ambacho mwanamume Mwafrika alilazimishwa kukivaa shingoni ndani ya kijikebe. Mpaka leo Mkenya akienda kuchukua kitambulisho husema anakwenda kuchukua kipande. Kijikebe kimekwisha toweka, neno limebaki na uzito wake.

Hata Kiswahili chenyewe kilipofika huko kilikuwa na sauti mbili. Mashambani walikusanyika Wakipsigis, Waluo, Waluhya, Wakisii na wengineo, na lugha ya kuwaunganisha ikawa hii yetu. Lakini bwana shamba aliijua kwa upande wa amri tu: lete, chukua, fanya, upesi. Hicho ndicho kilichoitwa Kisetla, Kiswahili kisichotaka jibu ila “ndiyo, bwana”. Wale walioambiwa hivyo waliichukua lugha ile ile jioni kwenye makambi yao wakaifanyia mambo mengine: walisalimiana, walitongozana, walikopeshana, na wakamwigiza bwana kwa sauti yake mwenyewe. Na “ndiyo, bwana” ikisemwa kwa tabasamu fulani, ina maana nyingine kabisa.

WIMBO WA KAPKATET

Lakini ushahidi mkubwa kuliko wote ni wimbo. Mwaka 1950 Mwingereza aitwaye Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alifika na kinasa sauti chake Kapkatet, katika nchi ya Wakipsigis. Hapo aliwanasa wasichana, akiwamo Chemutoi Ketienya, wakiimba pamoja na kinubi cha kwao kiitwacho chepkong'. Jina la wimbo ni Chemirocha.

Chemirocha ni nani? Ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1897, akafanya kazi katika reli, akapata sifa kwa nyimbo zake za gitaa na sauti ya kupandisha na kushusha, na akafa kwa kifua kikuu mwaka 1933. Mwenyewe hakukanyaga Kericho. Zilizofika ni sahani zake za santuri. Wakipsigis walizisikia, wakastaajabia sauti ile, na jina la kigeni likaingia katika ulimi wao na kukaa kama jina la nyumbani; kwani huko ndiko kwenye akina Chebet na Chelangat. Tracey aliandika kuwa kwa waimbaji wale Chemirocha amekwisha kuwa kiumbe wa ajabu, nusu mtu na nusu paa, na wasichana wanamwita acheze mpaka aruke nje ya nguo zake.

Wako wanaousikia wimbo huu wakacheka, wakidhani ni watu wa bara walioshindwa kutamka jina la Mmarekani. Mimi siwafuati. Msichana wa Kipsigis hakuwa akimwiga Rodgers. Alimpokea kama apokeavyo mgeni: akampa jina, akampa umbo, akamkaribisha ngomani. Hakuna gitaa pale, pana chepkong'. Hakuna reli, pana paa. Neno la mtu wa mbali limepewa jibu na watu wa Kapkatet, na jibu hilo ni kazi mpya yenye ufundi wake. Kama Bakhtin angetafuta mfano wa neno lililo nusu la mwenziwe na nusu la msemaji, nadhani asingepata mzuri kuliko huu.

Kisha wimbo ukaondoka. Ulikwenda Afrika Kusini, katika hifadhi ya muziki ya ILAM iliyoanzishwa na Tracey mwaka 1954 na ambayo baadaye ikawekwa chini ya Chuo Kikuu cha Rhodes. Dunia ikausikia na kuupenda, watu wa Kapkatet wasipate nakala. Katika miaka ya 2014 na 2015 ndipo wenye hifadhi walipozirudisha nyimbo kwa wenyewe. Mzee mmoja aliyeimba mbele ya Tracey akiwa kijana aliisikia sauti yake kwa mara ya kwanza, na miaka sitini na mitano imepita.

MRUSI NA SISI WASHAIRI

Mimi ni mtunzi wa mashairi, na hapa sina budi kugombana na Bakhtin kidogo. Katika maandishi yake ya miaka ya 1930 aliupa utanzu wa riwaya sifa ya kubeba sauti nyingi, na ushairi akauona kuwa ni mahali ambapo msemaji mmoja hutawala na lugha yake moja. Huenda ndivyo ulivyo ushairi alioujua. Kwetu shairi halikukaa peke yake hata siku moja. Mapema katika karne ya 19, Mombasa na Lamu zilipohasimiana, Muyaka bin Haji alitoa shairi Mombasa, na Zahidi Mngumi akamjibu kutoka Lamu. Shairi lilifungwa ili mwingine alifungue. Malumbano hayo yameendelea magazetini na redioni, na mtunzi asiyejibiwa hujiona hakutunga. Laiti Mrusi yule angeketi baraza moja ya pwani, sura ile ya kitabu chake angeiandika upya.

Hata hivyo katika jambo moja, lililo zito kuliko yote, namuunga mkono. Bakhtin alishika kuwa neno likitoka hutafuta jibu, na hakuna balaa kubwa kwake kama kukosa wa kulijibu. Alilijua hilo kwa maisha yake, kwani aliandika miaka mingi bila ya kusomwa.

Ukiwa Kericho utafahamu kuwa hilo si suala la fasihi tu. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wa ukoo wa Talai kwa sheria iliyotungwa juu yao, ikawapeleka Gwassi, karibu na Ziwa Victoria. Wao na Wakipsigis wengine walionyang'anywa ardhi wamesema tangu hapo. Mwaka 2021 wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa waliiandikia serikali ya Uingereza juu yao. Mwaka 2022 kesi ikapelekwa katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Oktoba 2023 Mfalme Charles alikuja Kenya akaeleza masikitiko yake juu ya mabaya ya ukoloni, bila ya kuomba radhi. Mei ya mwaka huo huo mashine za kuchuma chai zilichomwa moto Kericho na watu walioona zinawanyang'anya kazi. Kuchoma mali sikusifu. Nasema tu kuwa mahali ambapo neno la mtu halijibiwi, moto husema badala yake. Mashamba yaliyokuwa ya Brooke Bond na ya Finlay yamekwisha badilisha wenyewe zaidi ya mara moja, na swali la watu wa pale limebaki lile lile.

Nasi wa Mombasa tumo katika habari hii. Mnada wa chai, ulioanza Nairobi mwaka 1956, ulihamia kwetu mwaka 1969, na majani ya Kericho na Bomet hupita bandarini kwetu kwenda Pakistan, Misri na Uingereza. Mzigo twaupokea na kuupakia. Maneno ya waliouchuma hayashuki pamoja nao, wala sisi hatuyaulizi, ingawa wanayanena kwa lugha tuliyowapa sisi.

Lugha ile wameichukua, wameitia ladha yao, na imekuwa yao kama ilivyo yetu. Wakisema nasi kwa Kiswahili cha Kericho, chenye lafudhi ya milimani, tusiwasahihishe kwanza. Tuwajibu.