Chombo cha Flipflopi: Umbo, Taka na Mahali katika Sanaa ya Mwambao

Sanaa ya mahali ni kazi inayobuniwa kwa ajili ya eneo mahususi na wakazi wake, kiasi kwamba maana yake hupungua ikitenganishwa nalo. Kwa mtazamo huo, chombo cha baharini huonekana kuwa mfano usiofaa, kwani huundwa ili kiondoke. Flipflopi, kilichoshushwa majini Lamu, Kenya, Septemba 2018, kinaonyesha kwamba mahali panaweza kuwa njia nzima ya bahari.

Chombo hicho chenye urefu wa takribani mita 9 kiliundwa kwa tani 10 hivi za taka za plastiki. Plastiki iliyeyushwa, ikapewa umbo la mkuku, mataruma na mbao. Kisha mafundi, wakiongozwa na Ali Skanda, wakaichonga kwa mkono kama wachongavyo mti. Ubavuni kilivikwa vipande vya rangi mbalimbali kutokana na viatu vya mpira vipatavyo 30,000, ambavyo Waswahili huviita ndara, kandambili, malapa au champali. Wingi wa majina hayo ni dalili ya mazoea.

Mwanzoni mwa 2019 kilisafiri takribani kilomita 500 hadi Unguja, kikitua njiani ili wakazi wajadili taka. Huo ni msimu wa kaskazi, upepo ambao kwa karne nyingi umevipeleka vyombo kusini. Bahari iliyobeba biashara ya mwambao sasa hubeba pia taka zake.

Nguvu ya kazi hii imo katika mgongano wa umbo na malighafi. Umbo husomeka papo hapo: katika ushairi wa Kiswahili, chombo ni istiari kongwe ya jamii na uongozi. Malighafi, kinyume chake, ni kitu kilichozoeleka kutupwa bila kutazamwa. Sanamu ya plastiki ingeweza kuonekana pambo tu. Chombo huzua swali la baharia: je, kitaelea?

Hata hivyo, kuelea kwake kunaweza kufasiriwa kuwa kila plastiki ina tiba, ilhali waasisi wake hupinga plastiki ya kutumiwa mara moja. Hivyo, Flipflopi kisomwe kama hoja, si suluhisho. Methali isemayo “Chombo cha kuzama hakina usukani” huona kuzama kuwa majaliwa. Chombo hiki hudai kwamba usukani ungalipo, mikononi mwa wanaotengeneza, wanaonunua na wanaotunga sheria.