Kizibo laini chatikisa soko la bomba la chuma

Wiki hii tunaziweka kando bei za kahawa na korosho, tutazame soko la vifaa vya hospitali, hasa vile vya kuondoa uvimbe katika puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Ni soko dogo, lakini aliyeingia nalo na kifaa rahisi ndiye aliyelipanua.

Zamani mgonjwa mwenye uvimbe uliokaa juu, mahali ambapo vyombo vya kawaida vya daktari havifiki vizuri, alipasuliwa tumbo na kukatwa kipande cha utumbo. Wengine walitoka hospitalini na mfuko wa kupokea kinyesi tumboni, wa maisha. Mwenye duka akilazwa kwa muda mrefu wateja huhama. Njia isiyofungua tumbo, basi, ina thamani inayohesabika kwa fedha.

Njia hiyo ililetwa na daktari bingwa Mjerumani, Gerhard Buess, akishirikiana na kampuni ya Richard Wolf ya Knittlingen. Alianza kuitumia kwa wagonjwa mwaka 1983. Bomba la chuma lenye kipenyo cha milimita 40 huingizwa kupitia njia ya haja kubwa na kufungwa imara kwenye kitanda cha upasuaji. Hewa ya kaboni dioksidi hupulizwa ili puru itanuke, kisha daktari huchungulia kwa lenzi pacha, akaukata uvimbe na kushona kidonda kwa vyombo virefu vyembamba. Tumbo haliguswi.

Mbona basi haikuenea haraka? Jibu liko kwenye ankara. Seti nzima iligharimu makumi ya maelfu ya dola, haikuwa na kazi nyingine, na madaktari walihitaji muda mrefu kuizoea. Hospitali yenye wagonjwa wachache wa aina hiyo ingekuwa imefungia mtaji wake kabatini.

Mwaka 2009, huko Florida, Marekani, madaktari Sam Atallah, Matthew Albert na Sergio Larach walichukua kizibo laini chenye matundu, kilichotengenezwa na Covidien kwa upasuaji wa tumbo kupitia tundu moja, wakakiweka kwenye njia ya haja kubwa. Kamera na vyombo vingine walivyotumia vilikuwa vile vile vya upasuaji wa kawaida wa matundu. Taarifa yao ya mwaka 2010 ilihusu wagonjwa 6 tu, lakini njia hiyo, iitwayo TAMIS, ilienea upesi. Kwa muuzaji kuna jambo tamu zaidi: kizibo hutumika mara moja kikatupwa, hivyo kila mgonjwa ni oda mpya.

Hata hivyo, msomaji asidhani kila mwenye saratani ya puru ni mteja. Njia hizi zinafaa kwa uvimbe usio saratani na saratani changa kabisa. Iliyopenya ndani zaidi huenda imekwisha ingia kwenye tezi za limfu, nazo hubaki pale pale uvimbe unapokatwa peke yake. Wapo ambao majibu ya maabara huwarudisha kwenye operesheni kubwa. Soko hili, basi, hukua pale tu watu wanapopimwa mapema.

Je, mwekezaji mdogo anaweza kununua hisa? Richard Wolf haijaorodheshwa kwenye soko la hisa. Applied Medical ya California, iliyotoa kizibo chake mahususi kwa kazi hii, nayo ni kampuni binafsi. Covidien ilikuwa New York, ila mwaka 2015 ilinunuliwa na Medtronic kwa takriban dola bilioni 50. Kila hisa ikalipwa dola 35.19 taslimu pamoja na hisa 0.956 ya Medtronic. Ndani ya jitu hilo linalouza vidhibiti mapigo ya moyo, mapato ya kizibo ni tone baharini, na anayenunua hisa zake ananunua moyo kwanza.