Tumbo, Tezi na Jina la Samaki

Mvuvi wa Lamu hasemi "nimepata samaki" akaishia hapo. Hutaja tafi, changu, mkizi au mwatiko. Tafi hula mimea ya bahari na hunaswa katika malema. Wengine wana chakula chao na mitego yao. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba uangalifu huo wa majina unahitajika pia katika Kiswahili cha sayansi.

Homoni ni kemikali inayotengenezwa katika kiungo kimoja, ikachukuliwa na damu hadi kiungo kingine na kubadili utendaji wake. Tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, ina homoni kadhaa. Mbili zinatuhusu hapa: homoni ya ukuaji, na prolaktini, ambayo humsaidia samaki aishiye katika maji baridi asipoteze chumvi ya mwili.

Mwaka 1999 Masayasu Kojima, Kenji Kangawa na wenzao wa Japani walitangaza homoni waliyoipata katika tumbo la panya, wakaiita grelini. Kazi yake mojawapo ni kuichochea pituitari iachilie homoni ya ukuaji. Baadaye grelini ilipatikana katika samaki pia. Tezi ya perege wa Msumbiji, ikiwa imetolewa mwilini na kutiwa grelini, iliachilia homoni ya ukuaji pamoja na prolaktini. Kwa kuwa ubongo haukuwapo, ni dhahiri kuwa grelini yaweza kuiathiri tezi moja kwa moja. Lakini kwa samaki aitwaye trauti, homoni ya ukuaji iliongezeka, prolaktini haikuongezeka.

Hapa yatokea mambo matatu ya lugha. Kwanza, kitenzi "kutoa" hakitoshi, kwani hakitenganishi kutengeneza homoni na kuiachilia. "Kuachilia" ni bora. Pili, "homoni ya tumbo" ni jina lenye kasoro: samaki wa dhahabu hana tumbo la kusagia chakula, na grelini yake hutoka katika utumbo. Tatu, sentensi "grelini huongeza prolaktini katika samaki" si sahihi. Ni kweli kwa perege, si kweli kwa trauti. Na haitupi ruhusa ya kusema lolote juu ya tafi.

Mwandishi wa kitabu cha shule asiyetaja ni samaki gani humfundisha mwanafunzi kosa, hata kama sarufi yake ni safi. Mvuvi wa Lamu asingekubali habari ya namna hiyo, nasi tusiikubali.