Hedifoni za bei nafuu: Jaribu sikioni kabla ya kufunga mzigo

MFANYABIASHARA mdogo wa Bweranyange, wilayani Karagwe, anayefuata vifaa vya simu Bukoba au Kariakoo, mara nyingi huchagua hedifoni kwa kuangalia bei ya jumla na uzuri wa kasha. Mambo hayo mawili hayamwambii mteja wake atasikia nini, wala kama masikio yatamuuma baada ya nusu saa. Majibu huja siku chache baadaye, bidhaa zinapoanza kurudishwa dukani.

Hesabu yake ni nyepesi. Chukulia amenunua hedifoni 50 kwa Sh. 2,000 kila moja, yaani mtaji wa Sh. 100,000, akaziuza kwa Sh. 3,000. Kabla ya nauli, faida ni Sh. 50,000. Zikirudishwa 10 naye akarejesha fedha za watu, faida inashuka hadi Sh. 20,000. Zikirudishwa 17, tayari ana hasara ya Sh. 1,000, na nauli bado haijahesabiwa. Kwa mtaji wa kiasi hicho, dakika 20 za kujaribu sampuli si muda uliopotea.

Kukaa sikioni

Jaribio la kwanza ni la starehe, kwa sababu sauti nayo huitegemea. Kwa hedifoni ndogo za kupachika sikioni, besi hupotea pale hewa inapopita kati ya kifaa na tundu la sikio. Hedifoni ya bei kubwa isiyoziba vizuri itasikika nyembamba kama redio yenye betri zilizochoka, wakati ya bei nafuu yenye mpira unaolingana na sikio yaweza kutoa besi ya kuridhisha. Kwa hiyo kasha lenye mipira ya saizi tatu, ndogo, ya kati na kubwa, lina manufaa kuliko lenye picha za kupendeza na saizi moja tu.

Kwa zile kubwa za kuvaa kichwani, anayejaribu azivae dakika 20 mfululizo bila kuzivua. Upinde ukibana mno, maumivu hujitokeza juu ya masikio, hasa kwa wenye miwani. Ukilegea, hedifoni huteleza mtu anapoinama. Sponji nyembamba huruhusu sikio kugusa plastiki ya ndani, na hilo ndilo huwachosha wavaaji wengi.

Sauti na waya

Kupima sauti hakuhitaji mtambo. Inatosha simu moja na wimbo mmoja ambao msikilizaji anaufahamu vizuri, ukipigwa kwa sauti ya wastani. Maneno ya mwimbaji yasikike bila kufunikwa na besi, na herufi "s" isichome masikio. Mwimbaji anayerekodiwa katikati asikike katikati ya kichwa. Akivutwa upande mmoja, spika ya upande wa pili ni dhaifu. Baada ya hapo waya upindwe taratibu karibu na plagi na pale unapoingia kwenye spika. Sauti ikikatika na kurudi, mzigo huo uachwe hapo hapo.

Jaribio jingine linawahusu zaidi wateja wa vijijini, nalo ni redio. Simu nyingi zenye FM hutumia waya wa hedifoni kama antena. Wimbi la FM lina urefu wa mita tatu hivi, na robo yake ni kama sentimeta 75, hivyo waya wa kawaida wenye urefu wa takribani mita moja hufanya kazi hiyo vizuri. Vipo viswaswadu vyenye antena ya ndani, lakini kwenye mabonde ya Karagwe, ambako vilima huzuia mawimbi, waya huleta tofauti. Mkulima anayetaka kusikiliza redio ya jamii ya FADECO akiwa kwenye migomba hatasaidiwa na hedifoni ya Bluetooth ikiwa simu yake inahitaji waya ili kunasa kituo.

Afya na sheria

Hedifoni isiyoziba vizuri humfanya mvaaji aongeze sauti ili kushinda kelele za nje. Shirika la Afya Duniani linashauri kutozidi saa 40 kwa wiki katika kiwango cha desibeli 80. Kikifika desibeli 90, muda salama hushuka hadi saa 4 tu kwa wiki. Mwendesha bodaboda aliyeziba masikio yote mawili hukabiliwa pia na hatari ya kutosikia honi nyuma yake.

Aidha, hedifoni yenye jina la kampuni kubwa inayouzwa kwa bei ya kutupa yaweza kuwa bandia. Tume ya Ushindani (FCC) ina mamlaka ya kukamata bidhaa za namna hiyo, na mtaji huenda nazo. Hedifoni isiyo na jina kubwa, lakini iliyojaribiwa, ni salama zaidi kwa muuzaji.

Somo hili si geni Karagwe. Bweranyange ilikuwa makao ya watawala wa ufalme huo, na Speke na Grant walifika kwa Mfalme Rumanyika mwaka 1861. Misafara ya pwani iliyofuata pembe za ndovu katika nchi hizi ilibeba shanga, na aliyeleta rangi isiyopendwa mahali alipofika alibaki na mzigo wake.

Kwa anayejiandaa kwa msimu wa kahawa, wakati fedha zinapoingia mikononi mwa wakulima, busara ni kununua sampuli mbili au tatu, kuzijaribu kwa simu zile zile ambazo wateja wake wanatumia, kisha kufunga mzigo wa ile iliyofaulu. Nyingi ziwe za waya, za Bluetooth ziwe chache, na moja iachwe wazi dukani ili mteja ajaribu kabla ya kulipa.